Sabuni Ndani ya Katoni ya Simu

Siku ya posho, yaani Jumamosi, mchana.

Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile mvua ndogo isiyo na haraka, na matope mekundu ya mtaa wetu wa Makomeno yamepanda mpaka kwenye baraza letu. Nimejifungia chumbani na kompyuta ya Yaya Nadège. Namwita yaya kwa sababu ni mkubwa kwangu; ni mtoto wa mama mkubwa, anasoma chuo kikuu kule Kasapa, na kila mwisho wa juma analala kwetu. Sasa hivi yuko kwa jirani, anasukwa nywele. Nina muda mpaka saa tisa.

Saa tisa jumuiya yetu ya kanisa inakutana kusali, na leo watazungumza juu ya mtu anayeitwa mwizi. Mtu huyo hakuiba kitu. Ninayejua hivyo ni mimi, na tangu asubuhi ya leo, Mama.

Majina yote nimeyabadilisha. La kwangu pia.

Shuleni naandika Kifaransa, na kwa Kifaransa ninajua kujitetea. Naweka "il semble que", inaonekana kwamba, mbele ya kila kitu na kosa linakuwa la hewa. Kwa hiyo hapa kwenye blogu nitaandika Kiswahili, nione kama nitaweza kujificha.

Nianze na simu.

Kaka yangu mkubwa, Yaya Serge, anaishi Ndola, upande wa Zambia, anafanya kazi kwenye gereji. Mwaka jana alimnunulia Mama simu huko, yenye garanti ya mwaka mmoja. Juzijuzi kioo kikawa cheusi. Simu inalia, inatetemeka, lakini haionyeshi kitu, kama mtu anayekusikia na hataki kufungua macho. Serge akasema iletwe, dukani wataibadilisha, ila ije na katoni yake ya kwanza, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye katoni lazima ifanane na namba iliyo ndani ya simu.

Kwetu kitu cha namna hiyo hakipelekwi posta. Kinapewa mtu. Na mtu wa mtaa wetu ni Papa Varis, jirani yetu, lupango yake na yetu, yaani nyua zetu, zinatenganishwa na ukuta mmoja tu, nao umebomoka katikati. Kila Jumatatu anaondoka na mifuko ya watu, anavuka mpaka pale Mokambo, anagawa vifurushi mpaka Ndola, na Alhamisi anarudi na vingine. Ndiyo kazi yake miaka yote. Baba yake na babu yangu walifanya kazi pamoja kwenye reli, ndiyo maana nyumba zetu zinafanana mpaka nyufa.

Mama aliniambia nifunge koli, yaani kifurushi chetu. Mimi ndiye mwandishi wa nyumba hii, mimi ndiye ninayejua mambo ya karatasi. Kusema mbele ya watu ndiko kunakonishinda.

Sasa, hapa Lubumbashi kila mtu anajua kwamba kitu cha thamani hakisafiri na sura yake. Nimekua nikisikia hadithi zilezile: mama fulani alitumiwa simu, akafungua katoni, akakuta kipande cha sabuni. Mwingine alikuta jiwe limefungwa vizuri na karatasi. Kwa hiyo watu wanaficha. Dola kwenye upindo wa kitenge, mkufu ndani ya mkate, simu ndani ya unga.

Nikafanya vile watu wakubwa wanafanya. Mama alikuwa ametayarisha mfuko wa vinkubala, wale viwavi waliokaushwa, zawadi kwa Mwansa, bibi ya Serge, yaani mke wake. Simu nikaifunga na plastiki mbili, nikaizamisha katikati ya vinkubala, nikafunga mfuko na uzi kwa fundo la Babu, lile alilotufundisha sisi wajukuu. Ikabaki katoni. Katoni haiwezi kusafiri tupu, mtu akiitikisa tu atajua. Nikakata sabuni ya kufulia. Kile kipande kiliingia pale simu inapolala sawasawa, kama vile vilipimana. Nakumbuka nilitabasamu peke yangu.

Mama sikumwambia. Nilitaka nimwambie ikiisha kufika, anisifu.

Na hapa ndipo ninapotaka kuandika polepole. Wakati watu wote walikuwa bado wanamsalimia Papa Varis kwa mikono miwili, mimi nilikuwa nimekaa chini jikoni nikikata sabuni kwa sababu yake. Wa kwanza kumwita mwizi katika mtaa huu ni mimi. Nilimwita bila kufungua mdomo.

Kuficha kuna nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kuficha. Nusu ya pili ni kumwambia anayepokea atafute wapi.

Simu yetu ya nyumbani ilikuwa ileile iliyosafiri. Baba yuko mgodini, anarudi kila baada ya majuma mawili, na yake iko naye. Simu ya karibu ni ya Mama Béa, bibi ya Papa Varis, ambaye hakatai mtu. Jumatatu jioni nikaenda. Mama Béa akanipa kiti. Akanipa hindi la kuchoma. Akanipa na simu mkononi kabla sijaomba. Lakini simu yake inasema kwa sauti ya redio, unaongea na nyumba nzima inasikia. Ningesema nini? "Yaya, usitafute kwenye katoni, nimeificha mahali pengine, tunamwogopa Papa Varis"? Kwenye kiti chao, na hindi lao mdomoni? Ningeandika ujumbe, ungebaki humo, angeusoma.

Nikaangalia saa kwenye simu, nikasema asante, nilitaka kujua saa tu, nikamrudishia.

Kesho, nilijiambia.

Kesho yake nilijiambia tena.

Jumatano ya juma lililopita nilikuwa uani na ndoo. Mama Béa akatokea pale ukuta ulipobomoka, anacheka, simu juu.

"Mama Serge! Mutoto yako wa Ndola njo anaita! Kimbia, unite yake itaisha!"

Mama akapangusa mikono kwenye kitenge, akakimbia kabla salio halijaisha. Na sauti ya kaka yangu ikatoka, kubwa, uani kwetu, uani kwao, mpaka kwa mama wawili waliokuwa wanapita na mabeseni.

"Mama, munanitumia sabuni?"

"Sabuni gani?"

"Mu katoni ya telefone! Nilifungula mbele ya bantu ya duka. Bananicheka, mama. Baliniuliza kama sabuni nayo iko na garanti."

Wale mama wa mabeseni wakasimama. Mama Béa alikuwa bado na kicheko usoni, kile kicheko kilichosahau kuondoka. Mama akamwangalia.

"Bwana yako njo alibeba."

"Bwana yangu hafungulaka koli ya muntu, Mama Serge."

"Ah! Basi sabuni ilijiingiza yenyewe."

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Naapa. Nililisikia kwenye ulimi, lina uzito kama kokwa. Halafu Mama akanigeukia, mbele ya wote.

"Clarisse, weye njo ulifunga. Telefone uliitia?"

Nikasema ndiyo.

Niliitia, si uongo. Hakuniuliza ndani ya nini. Siku tatu nzima nilijifariji na hiyo, kama mtu anayekula chumvi kwa sababu hakuna kingine nyumbani.

Kuanzia pale kila saa iliyopita ilikuwa inafunga mlango mwingine. Jioni ya Jumatano ningeweza kusema, wangenipiga, ingeisha. Alhamisi Papa Varis akarudi, watu wakamngoja barabarani, na kusema kukawa kugumu zaidi, maana sasa ningekuwa nimemwacha alale usiku mmoja na jina hilo. Ijumaa, usiku mbili. Unaelewa? Kadiri nilivyonyamaza, ndivyo kunyamaza kwenyewe kulivyokuwa kosa jipya, kubwa kuliko la kwanza.

Siku ya posho iliyopita nilikuwa na kompyuta hii hii mbele yangu. Nilimwandikia Serge: "Angalia mu vinkubala." Maneno matatu. Nikayaangalia mpaka taa ya kompyuta ikazima yenyewe kwa kuchoka. Nikayafuta. Nilijiambia: Mwansa atapika vinkubala siku moja, ataikuta, kila kitu kitajipanga bila mimi. Nikasali hivyo. Nilimwomba Mungu afanye kazi yangu.

Mchana wa siku hiyo, kwenye jumuiya, Papa Varis hakusoma. Yeye ndiye msomaji wetu, ana ile sauti ambayo hata kwenye majina magumu ya Agano la Kale haipungui. Kiongozi alimwambia kwa upole, "Papa, upumzike kwanza kidogo." Wakati wa kupeana amani Mama alishughulika na kufungua mkoba wake. Alitafuta kitu humo ndani mpaka amani ikaisha.

Jumatatu Papa Varis aliondoka na mfuko mmoja. Kawaida anahitaji mkokoteni. Watoto wa barabara yetu wakamfuata mpaka kwenye kona: "Papa Sabuni! Papa Sabuni, utufulie!" Mkubwa wao hajafika miaka minane. Hakugeuka. Aliuhamisha mfuko kutoka bega moja kwenda bega lingine, ingawa haukuwa mzito.

Jumatano ya juma hili, Mungu alinijibu.

Mwansa alifungua vinkubala. Serge akapiga kwenye simu ya mwenye duka la kona, na duka zima likapiga vigelegele. Simu imeonekana! Dukani Ndola wameipokea, namba zimefanana, watatoa mpya. Nilikaa chini kwenye kreti ya chupa. Nikawaza, imekwisha.

Mama akainua mikono juu.

"Munaona? Maombi yetu! Aliogopa, akairudisha mu vinkubala!"

Na watu wote wakasema eeh, njo vile, maombi iko na nguvu. Maana sabuni ilikuwa bado inangoja maelezo. Nani aliitia? Kama simu isingeonekana kamwe, pengine wangesema ni maaskari wa mpaka, ni watu wa Mokambo, nani anajua. Sasa hapana. Sasa mwizi ameiba na ameogopa, na wana ushahidi.

Nilichokiomba ndicho kilichomfunga.

Juzi, Alhamisi, Papa Varis akaja. Alisimama kwenye baraza letu, akakataa kiti. Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye kofia yake.

"Mama Serge, nimesikia telefone ilionekana. Mungu asifiwe. Sasa jina yangu nayo, itaonekana siku gani?"

"Papa Varis, sabuni haina miguu."

"Njo ile minauliza. Nani aliitia?"

"Weye uliogopa."

"Mama, mufuko ilifika na fundo ya hapa kwenu. Ile fundo ya muzee wa reli. Miye sijuaka kuifunga, baba yangu alijaribu kunifundisha, nilishindwa."

Halafu akaniangalia. Nilikuwa mlangoni na kitabu cha hesabu. Hakuniangalia kwa hasira, na hiyo ndiyo mbaya. Aliniangalia vile mwalimu anakungoja anapojua kwamba unajua jibu. Alingoja. Nikasoma ukurasa. Sijui ulikuwa ukurasa gani.

"Mubaki muzuri," akasema, akaenda.

Angeweza kusema ni mimi. Alikuwa na fundo mkononi. Hakusema.

Usiku ule sikulala, lakini sitaki kuandika juu ya usiku, kila mtu hapa kwenye blogu anaandika juu ya usiku. Nitaandika juu ya asubuhi ya leo, wakati Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, chini ya baraza na mimi nachambua majani. Ukitwanga sombe huwezi kumwangalia mtu usoni, unaangalia kinu. Ndiyo maana nilichagua pale.

Nikasema, "Mama, sabuni ni mimi."

Mchi ukaendelea mara mbili, tatu. Ukasimama.

Nikamwambia yote. Katoni, vinkubala, hindi la Mama Béa. Nilisema nikitazama majani. Nilipomaliza nilikuwa nimeyachana vipande vidogo, hayafai tena kwa kitu.

Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

"Umeambia nani?"

"Hakuna."

"Nadège?"

"Hapana, Mama."

Akarudisha mchi ndani ya kinu, taratibu, kama anaweka mtoto kitandani.

"Basi iishie apa."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikajifanya. Akasema bila kupaza sauti, na Mama asipopaza sauti unajua kwamba anaogopa: "Miye nilimuita mwizi mbele ya bamama yote. Nilimunyima mukono mu maombi. Unataka nisimame niseme ni mutoto yangu njo alikata sabuni? Batanicheka mpaka Noeli, Clarisse. Telefone ilionekana. Maneno iliisha."

"Papa Varis hana kazi tena, Mama."

"Bantu basahaulaka."

Akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda mrefu, kwenye mvua, na hakuna kitu nyuma ya nyumba isipokuwa kamba ya nguo, na hatukuanika kitu leo.

Mchana alinipa kichwa cha samaki. Kichwa cha samaki hapa kwetu ni cha Baba, na Baba asipokuwepo ni cha Mama mwenyewe. Aliniwekea kwenye sahani yangu. Nadège akashangaa, "Ee, leo mutoto amekuwa muzee?" Nikala. Ninaandika hili kwa aibu zaidi kuliko lile la sabuni: nilikula kichwa chote, hata macho.

Kwa hiyo mpaka asubuhi nilikuwa nimefungwa na woga wangu. Sasa nimefungwa na Mama, ninayempenda. Nikisema, namvua nguo mbele ya jumuiya. Nisiposema, Papa Varis atavaa jina langu mpaka atakapozikwa, na watoto watakaozaliwa hapa watamjua kwa jina la Papa Sabuni bila kujua limetoka wapi. Nimetafuta mlango wa tatu kama mtu anayetafuta funguo, mara kumi mahali palepale. Kumwandikia barua? Mimi ni hodari wa barua. Angeisoma peke yake, na jina lake lingebaki lilivyo, kwa sababu hakulipoteza peke yake. Kumwambia padri? Padri atanisamehe na atanyamaza, ndiyo kazi yake. Kuchapisha hapa na majina ya uongo?

Hiyo nayo ni kuficha ndani ya vinkubala.

Leo kiongozi atauliza kama jumuiya ichague msomaji mwingine. Nimesikia tayari wamemtaja mtu. Papa Varis atakuja, Mama Béa ameshapiga pasi shati lake, nililiona kupitia ukuta. Baada ya Injili kuna ile nafasi ambapo kila mtu anaweza kusema neno lililomgusa. Miaka yote ninayohudhuria sijawahi kusema. Mara moja nilikohoa na wakanigeukia wote, nikaacha hata kukohoa.

Nimeandika sentensi nne kwenye kiganja. Nimezisoma kwa sauti ndogo mpaka zikapoteza maana, halafu zikairudisha. Ya nne inamhusu Mama: kwamba yeye hakujua, aliamini kile alichoambiwa na mtoto wake. Hiyo ni kweli kabisa. Sijui kama itamtosha. Sijui kama ataniongelesha kesho, wala juma lijalo. Baba akirudi atakuta nyumba yenye maneno, na mimi ndiye nitakuwa nimeyaleta.

Nadège ameingia, kichwa kimejaa misuko, anataka kompyuta yake. Nimemwomba dakika mbili.

Mama ananiita. Kwenye jumuiya kila familia inakuja na viti vyake. Amebeba kimoja, ameniachia kingine mlangoni. Nasikia anasema tukae nyuma leo, karibu na njia, kwa sababu ya mvua.

Yeye akae nyuma. Mimi nitapeleka kiti changu mbele kabisa, pale ambapo ukiisha kusimama huwezi tena kujifanya kwamba ulitaka kunyoosha miguu.